Estrojeni za Mimea na Uzazi wa Mifugo

Umekwisha kujifunza kwamba estrojeni hutengenezwa kwenye ovari. Sasa ongeza hili: baadhi ya mimea ina kemikali zenye umbo linalokaribiana na homoni hiyo. Huitwa estrojeni za mimea, na hupatikana zaidi kwenye mikunde kama klova, lusini na soya. Nyasi zina kiasi kidogo sana.

Homoni hufanya kazi baada ya kushikamana na kipokezi cha seli. Kemikali hizi hushikamana na kipokezi hichohicho, ingawa nguvu yake ni ndogo. Mnyama akizila kwa wingi kila siku, hipothalamasi na tezi ya pituitari hupata taarifa isiyo sahihi. Utoaji wa FSH na LH huvurugika, na yai laweza lisipevuke au lisitoke.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Australia Magharibi. Katika miaka ya 1940 kondoo waliolishwa klova walishindwa kushika mimba, na wataalamu walitoa taarifa ya tatizo hilo mwaka 1946. Bakteria wa rumeni hubadili formononetini ya klova kuwa ekuoli, ambayo ina nguvu zaidi. Wengi hukosea hapa kwa kudhani kwamba mmeng'enyo hupunguza sumu siku zote. Kondoo waliokula klova hiyo kwa misimu kadhaa walibadilika shingo ya kizazi, mbegu za kiume zikashindwa kupita, na hawakupona hata walipohamishwa.

Tuje Shume, wilayani Lushoto. Mfugaji ana ng'ombe wa maziwa bandani, amehimilishwa mara tatu bila kushika mimba. Humkatia mabingobingo na majani ya gwatemala kwenye kingo za makinga maji, aina ya upandaji uliohimizwa na mradi wa SECAP ulioanza mwaka 1981, kisha humwongezea desmodiamu kidogo. Jirani anamwambia aing'oe desmodiamu yote. Je, ni ushauri mzuri?

Hapana. Chakula kingi cha ng'ombe huyu ni nyasi, na ng'ombe huathirika kidogo kuliko kondoo. Tena si kila mkunde una sifa za klova. Akiing'oa atapoteza protini na maziwa yatapungua. Aulize kwanza mambo ya kawaida: joto lilionekana saa ngapi? Mzunguko ni siku 21 hivi, na joto halimalizi siku nzima; likionekana asubuhi, ng'ombe ahimilishwe jioni. Je, alikonda baada ya kuzaa? Anapata madini? Mikunde ishukiwe pale inapokuwa sehemu kubwa ya chakula na dalili zipo: joto lisilo na mpangilio, uke kuvimba, au kiwele kujaa kwa mtamba asiye na mimba. Hapo apunguziwe mikunde kwa wiki kadhaa, kisha aangaliwe.

Zoezi
Mtamba asiye na mimba amelishwa lusini tupu kwa miezi miwili, na kiwele chake kimeanza kujaa.
(a) Eleza kilichotokea kwenye vipokezi vya seli za kiwele. (alama 4)
(b) Kwa nini dalili hiyo haitarajiwi kwa mtamba anayelishwa mabingobingo tupu? (alama 2)