GANZI KWA WENYE BARIDI YABISI NA LUPASI

Wagonjwa wengi wa baridi yabisi hutueleza maumivu ya viungo tu. Tukiwauliza kama mikono au miguu hufa ganzi, hujibu, "Hayo ni ya uzee." Sivyo. Ganzi ni taarifa ya mishipa ya fahamu. Ikipuuzwa, mtu aweza kupoteza nguvu za mkono au mguu.

Magonjwa haya ni yapi?
Ni baridi yabisi inayovimbisha viungo, lupasi, ugonjwa wa ngozi kukakamaa, na ule wa macho na kinywa kukauka. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kushambulia mwili wenyewe. Hayaambukizi, wala si kurogwa.

Ganzi hutoka wapi?
1. Mshipa wa fahamu kubanwa. Kifundo cha mkono kikivimba, hubana mshipa uendao vidoleni. Kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete huchomachoma, hasa usiku. Mgonjwa huamka na kukung'uta mkono apate nafuu. Kufunga banzi usiku husaidia.
2. Mishipa ya damu kuvimba. Mshipa wa fahamu hukosa damu, nao huumia. Ghafla mguu huburuta vidole chini, au kiganja huning'inia.
3. Mishipa ya vidole kujikaza kwa baridi. Vidole hupauka, kisha huwa vya bluu, na hufa ganzi. Vaa soksi na glavu, na acha sigara.
4. Shingo. Baridi yabisi ya miaka mingi huweza kulegeza mifupa ya shingo, ikabana uti wa mgongo.
5. Sababu nyingine. Kisukari, upungufu wa vitamini B12, na ukoma. Baka la ngozi lisilohisi lichunguzwe mapema. Ukoma hupona, na dawa zake hutolewa bure. Anayetumia isoniazidi kwa kifua kikuu aeleze akipata ganzi, kwani vitamini B6 huzuia madhara hayo.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona:
- mkono au mguu umelegea ghafla;
- ganzi inapanda haraka, au imeshika miguu yote miwili;
- mkojo au choo hakizuiliki, au mkojo umefunga;
- ganzi ya upande mmoja pamoja na mdomo kupinda au usemi kubadilika;
- kidole kimekuwa cheusi au kina kidonda.

Tunza nyumbani hivi:
Mguu usiohisi hauoni moto wala mwiba. Usiote moto karibu, wala usipime maji ya kuoga kwa mguu. Tumia kiwiko, au mwombe mwenzako apime. Vaa viatu, na kila jioni kagua nyayo. Mama anayepika ashike sufuria kwa kitambaa kikavu, kinene. Usichue shingo kwa nguvu.

Usiache prednisoloni ghafla kwa kuwa umepata nafuu. Kuacha hivyo kwaweza kuhatarisha maisha. Daktari ndiye hupunguza kidogo kidogo.

Ukija kliniki, tuambie ganzi ilianza lini, iko vidole vipi, na huzidi wakati gani. Lete na dawa zako zote, hata zile za miti shamba. Maelezo hayo hutuonyesha mahali pa kuanzia, wakati mshipa bado waweza kuokolewa.