Joto Lisiposhuka Upesi: Somo kwa Wazazi

Usiku wa Longonot ni wa baridi, na mtoto akipatwa na homa wazazi hudhani ni mafua. Lakini homa ikiandamana na kutapika, shingo kukakamaa, degedege au usingizi mzito, huenda ikawa homa ya uti wa mgongo. Mtoto apelekwe hospitali, Naivasha au iliyo karibu zaidi, siku ile ile. Mtoto mchanga pengine hana joto wala shingo ngumu. Hukataa kunyonya tu, na utosi wake huvimba.

Jina la ugonjwa huu hutupoteza. Kwa kuwa twauita homa, twadhani joto ndilo ugonjwa. Sivyo. Ugonjwa wenyewe ni bakteria walioingia katika utando ufunikao ubongo na uti wa mgongo. Joto ni dalili yake tu.

Sindano za dawa kama seftriaksoni huwaua bakteria mapema, lakini utando uliovimba hauponi kwa siku moja. Kwa watoto wengi joto hutulia siku ya 4 hadi ya 6. Basi mzazi aonaye joto siku ya 3 asikate tamaa na kumtorosha mtoto wodini. Wala joto likitulia siku ya 5, asiombe kurudi nyumbani: matibabu mara nyingi huchukua siku 10 au zaidi. Ukikatiza dawa, ugonjwa waweza kurudi.

Joto likizidi wiki moja, au likirudi baada ya kutulia, mweleze muuguzi. Daktari atatafuta sababu: mahali pa sindano pamevimba, malaria, kichomi, usaha katika kiungo, au maji yaliyokusanyika kati ya ubongo na fuvu. Dawa ya kushusha joto humpa mtoto nafuu, lakini haiui bakteria.

Kwa hiyo usimtazame mtoto kwa kumgusa paji la uso tu. Je, anakutambua? Ananyonya? Anachezesha mikono na miguu yote? Degedege likirudi, ita muuguzi mara moja.

Akipona, apimwe masikio, kwa maana ugonjwa huu huwaacha baadhi ya watoto viziwi. Nao wadogo zake wasikose chanjo kuanzia wiki ya 6. Kenya ilianza kuchanja watoto dhidi ya bakteria wa Hib mwaka 2001, na dhidi ya nimokoka mwaka 2011. Hao wawili ni miongoni mwa waletao ugonjwa huu. Kinga ni bora kuliko tiba.