Mke Aliyeitwa kwa Gazeti: Somo la Kutoa Maoni juu ya Kitabu

Muhula huu darasani kwetu tulisoma kitabu cha Kiingereza kiitwacho Sarah, Plain and Tall, alichokitunga Bibi Patricia MacLachlan wa Marekani. Kilitolewa mwaka 1985, na mwaka 1986 kikapewa Nishani ya Newbery, ambayo ni tuzo ya vitabu vya watoto katika nchi ile. Kurasa zake ni chache, lakini zilituletea mabishano ya juma zima, nami nikashindwa. Naandika ili mwenzangu asianguke pale nilipoanguka mimi.

Kwanza yafaa tujue habari za zamani zile. Mwaka 1862 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kumpa mtu eka 160 za ardhi, mradi akae hapo na kuilima kwa miaka mitano. Wanaume wengi wakahamia magharibi, na huko wanawake walikuwa haba. Basi mwenye kutaka mke aliweza kutangaza gazetini. Mwanamke akijibu, waliandikiana barua, kisha akapanda gari la moshi kwenda kwa mtu ambaye hajapata kumwona.

Ndivyo afanyavyo Jacob Witting kitabuni. Mkewe alifariki siku moja baada ya kumzaa Caleb. Anayetusimulia ni Anna, binti yake mkubwa. Tangazo lajibiwa na Sarah, mwanamke wa Maine, pwani ya mashariki.

Siku ya mabishano nilisimama nikasema kwamba Sarah ameagizwa kama kitambaa dukani, na kwamba kitabu hiki chamdharau mwanamke. Wenzangu wakanipigia makofi. Mwalimu akaniuliza neno moja tu: “Ukurasa gani?” Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesoma sura mbili, na mengine niliyasikia bwenini.

Usiku ule nikakisoma chote. Nikaona kwamba Sarah, katika barua yake ya kwanza, aeleza kuwa amepata kuposwa lakini hakuolewa. Kaka yake karibu ataoa, naye aona ni wakati wa kuhama. Tena haji kuolewa mara moja: aja kwa mwezi mmoja, apaone mahali na watu wake. Siku moja aenda mjini peke yake kwa gari la farasi, na watoto wachelea kwamba amekwenda kukata tikiti ya kurudi kwao. Jioni arudi na penseli za rangi ya bahari, ile bahari anayoikumbuka kila siku. Mtu aliyenunuliwa hana ruhusa ya kwenda zake. Sarah alikuwa nayo, akachagua kubaki.

Hata hivyo, msichana mmoja wa darasa letu alitoa hoja ambayo hatukuweza kuivunja. Alisema kwamba Jacob ni mtu mwema kwa kuwa mtungaji alipenda awe mwema. Je, mwanamke aliyemkuta mlevi au mwongo, naye hana nauli ya kurudi, angefanya nini? Kitabu hakisemi. Mwalimu alikubali, akaongeza kuwa kitabu kimoja hakiwezi kusimulia maisha ya watu wote.

Kwa hiyo nimejifunza mambo matatu. Kwanza, soma mpaka mwisho kabla ya kusema. Pili, kila hoja iwe na ukurasa wake. Tatu, pambanua kati ya kulaumu desturi na kulaumu kitabu kinachoieleza desturi hiyo. Mimi nalichanganya mambo hayo mawili, ndiyo sababu maneno yangu yalipata makofi lakini hayakuwa na nguvu.

Leo bado sipendi ndoa ya kutangazwa gazetini. Lakini Sarah nampenda, na nikiulizwa sababu, naweza kuonyesha ukurasa. Kitabu kimo maktabani, nakala ni moja tu. Basi atakayekiazima asikikawize.