Somo la Mwezi: Mbwa Mzee na Saa ya Kumwachilia

Mwezi huu twataka kujifunza jambo ambalo wengi huona haya kulitaja mbele ya watu. Mbwa amelinda nyumba miaka kumi na zaidi, na sasa hawezi kuinuka. Jirani atasema, "Ni mbwa tu." Lakini Mithali 12:10 inamtambua mtu wa haki kwa jinsi anavyomtunza mnyama wake. Basi tutajuaje kwamba saa ya kumwachilia imefika?

1. Tutofautishe uzee na ugonjwa

Mbwa wa mwili mkubwa huzeeka mapema kuliko mdogo. Mvi za mdomoni, usingizi mwingi na kuinuka kwa shida asubuhi bado si hukumu ya kifo. Jino bovu, minyoo, homa iletwayo na kupe, au maumivu ya viungo huweza kumlaza chini, na mengi ya hayo yana dawa au nafuu. Kwa hiyo tusiamue lolote kabla ya kumwita daktari wa mifugo. Wala tusimpe dawa zetu wenyewe: ibuprofeni, kwa mfano, huleta vidonda tumboni mwake na kuharibu figo.

Lakini mbwa aliyebadilika ghafula, anayetokwa na udenda, asiyeweza kumeza au anayeuma ovyo, tusimguse. Huenda ni kichaa cha mbwa. Bwana mifugo apewe habari mara moja.

2. Kipimo cha mambo saba

Mwaka 2004 daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos, alitoa kipimo kinachosaidia wengi. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 mpaka 10:

(a) Maumivu: je, yanatulizwa, naye anapumua vizuri?
(b) Chakula: anakula vya kutosha?
(c) Maji: anakunywa, au mwili umekauka?
(d) Usafi: analala katika mkojo wake? Ana vidonda?
(e) Furaha: bado anatikisa mkia akitusikia langoni?
(f) Mwendo: anaweza kusimama na kwenda haja?
(g) Siku: siku njema zinazidi siku mbaya?

Jumla ikizidi 35, twaweza kuendelea kumtunza. Ikishuka chini ya hapo, tuzungumze na daktari. Yafaa kutia alama kwenye kalenda kila jioni, maana macho yanayomwona kila siku huzoea. Tena tusingoje alie. Mbwa mwenye maumivu ya muda mrefu mara nyingi hunyamaza tu.

3. Makosa mawili

Kosa la kwanza ni kuharakisha kwa sababu tumechoka naye. La pili ni kuchelewa kwa sababu sisi hatuwezi kuagana, naye akabaki akiteseka kwa ajili yetu. Hili la pili huonekana kama upendo, kwa hiyo ni gumu kulitambua. Tujiulize: siku hii tunayomwongezea, ni ya nani?

Kumtupa porini ndani ya gunia, kumwekea sumu au kumpiga mpaka afe ni ukatili, ambao hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 iliwekwa ili kuuzuia.

4. Jinsi inavyofanyika

Mara nyingi daktari hutanguliza dawa ya kumtuliza, kisha humchoma sindano ya mshipa. Mbwa hupoteza fahamu kwa muda mfupi sana, na moyo husimama baada ya dakika chache. Macho huweza kubaki wazi, na mwili ukashtuka kidogo, lakini yeye hasikii tena. Tukiweza, tukae karibu naye aisikie sauti aijuayo. Tumzike katika shimo refu, kwa kuwa dawa hiyo hubaki mwilini na yaweza kuwaua mbwa wengine au ndege watakaomfukua.

5. Watoto na dhamiri

Tusiwaambie watoto kwamba mbwa amepotea, watamngoja langoni. Tuwaambie kweli, kwa maneno machache, na wakilia tuwaache walie.

Wengine huuliza kama ni dhambi. Haya tusemayo ni ya mnyama. Mgonjwa wa kibinadamu ana njia nyingine. Mnyama amewekwa mikononi mwetu, naye hawezi kujisemea. Kumfupishia mateso yasiyo na dawa ni sehemu ya utunzaji uleule tulioanza siku tulipomleta nyumbani akiwa mtoto.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Nani katika nyumba yetu anamjua mbwa huyu vizuri zaidi, na je, tumemsikiliza?
2. Ni mambo gani matatu ambayo mbwa wetu huyapenda? Amebakiwa na mangapi?
3. Daktari wa mifugo aliye karibu nasi ni nani, na tumekwisha kuuliza gharama yake kabla ya siku ya haja?