Dondoo muhimu: Mtihani wa cheo ukikutia shaka

Polisi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo anayeona mtihani wa kupanda cheo ulipendelea wengine asikimbilie barabarani akiwa na sare. Lawama itahamia kwenye nidhamu yake, matokeo yasahaulike. Andika barua, uipitishe kwa mkuu wako. Taja tarehe, swali na unachokidai. Kusema tu “walipendeleana” hakutoshi. Omba uonyeshwe alama zako. Kisha, na hili usilidharau hata kidogo, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, maana barua isiyo na muhuri ni rahisi kukanwa. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2006 kinampa kila Mkongomani haki ya kuiandikia mamlaka, nayo yapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Nanyi wakuu, bandikeni alama za watahiniwa wote.