Daftari au mtandao?

SWALI: Nina duka la vyakula Msambweni na nyumba mbili za wageni Diani. Mwanangu ataka nihamie programu ya hesabu ya mtandaoni. Umeme ukikatika je? – Mama wa duka

JIBU: Mama, hesabu hizo hazikai ndani ya simu yako. Ziko kwenye kompyuta za kampuni mbali huko, kwa hivyo hata simu ikitumbukia kisimani, hazipotei. Umeme ukikatika au mtandao ukizima, utashindwa kuandika au kuzisoma kwa muda tu, na hapo daftari litakufaa. Usilitupe.

Shida yako naiona kwingine. Pesa za unga na za wageni zikiingia namba moja ya M-Pesa, hutajua ni biashara gani inayokulisha. Anza kwa kuzitenganisha. Programu haiwezi kukufanyia hilo.

Kabla ya kulipia, uliza kama programu inaunganika na eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA. Tangu Januari 2024, kwa kawaida gharama isiyo na ankara ya eTIMS haipunguzi kodi, kwa hivyo mwenye mkahawa anayenunua mchele kwako ataidai ankara hiyo. Kama ni ankara tu unayotaka, KRA wana njia ya bure: piga *222#.

Programu nyingi hulipiwa kila mwezi, na baadhi kwa dola. Uliza pia kama utaweza kupakua kumbukumbu zako zote ukihama, maana sheria yataka uzitunze miaka 5.

Akaunti ifunguliwe kwa jina lako, Mama, na nywila uishike mwenyewe.