Kupima Uimara wa Kiakili wa Mameneja: Fanya Hivi, Acha Vile

Kwenye hoteli na mashamba ya ukanda huu, kuanzia Kunduchi mpaka Bagamoyo, nimeona mameneja wazuri wakivuliwa vyeo kwa sababu ya dodoso lililojazwa nusu saa. Madhara hayo yanazuilika.

KABLA YA KUPIMA

Fanya

Sema kipimo ni cha nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana. Umemwambia ni kwa ajili ya mafunzo? Basi majibu yake yasionekane kwenye kikao cha kupunguza watu.

Jua unachonunua. Dodoso la MTQ48, la kupima uimara wa kiakili, lilitolewa Uingereza mwaka 2002 na Peter Clough na wenzake. Lina sentensi 48, majibu ya 1 hadi 5, na vipengele vinne: kujimudu, kujitoa, kukabili changamoto na kujiamini. Mwaka 2012 Gucciardi, Hanton na Mallett walilichunguza kwa wanamichezo na kwa watu wa makazini, wakakuta mpangilio huo hausimami kama unavyodaiwa. Mshauri asiyekueleza hilo usimlipe.

Lijaribu kwanza kwa Kiswahili, kwa watu wa kazi ileile. Sentensi kama "Si kawaida yangu kutokuwa mtulivu" inamkwamisha yeyote. Ukiona wote wamezungushia 3, hawajaelewa swali.

Usifanye

Usipime watu mbele ya bosi. Nimeshuhudia mkurugenzi akipita nyuma ya viti huku mameneja wake wakijaza. Wote walitoka majasiri. Karatasi zile zilifaa kufungia vitumbua tu.

Usitumie viwango vya Waingereza kumhukumu mtu wa hapa. Aliyelelewa Pwani amefundishwa kutojisifu. Mwambie athibitishe kwamba "anajiamini kuliko wengi", ataweka 2 kwa adabu, halafu wewe umwandike dhaifu. Hiyo ni dhuluma.

WAKATI WA KUSOMA MAJIBU

Fanya

Linganisha alama na kazi. Kaa na meneja, mwombe akueleze siku moja ngumu: umeme ulikatika, wageni wamejaa mapokezi, mpishi hajafika. Alianza na nini? Alimpigia nani? Alisema nini kwa walio chini yake? Kisha waulize wahudumu wa zamu ile, mmoja mmoja, bila yeye kuwepo. Hapo ndipo utamjua.

Angalia msimu. Meneja wa hoteli anayepimwa Aprili, masika, vyumba vitupu, si yuleyule wa Desemba. Pima mara mbili au nyamaza.

Usifanye

Usidhani alama ya juu ni usalama. Nilimfahamu meneja aliyeng'ara kwenye kila kipengele. Kusi ikivuma, nahodha akasema boti haitoki. Meneja akamwita mwoga, akaamuru wageni wapelekwe kwenye fungu la mchanga. Walirudi wameloa, watoto wanalia, injini moja imezimika. Dodoso lilimpima anavyojiamini. Halikumpima anavyosikiliza.

Usimfukuze mtu kwa alama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inadai sababu halali na utaratibu wa haki. Nenda na karatasi ya dodoso mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi uone utakavyoulizwa alikosea nini kazini.

Usiite ugonjwa udhaifu. Asiyelala, anayetetemeka, anayelia chooni anahitaji daktari na likizo. Kumpeleka kwenye semina ya ujasiri ni ukatili.

Usipime watu kuficha ubovu wa ofisi. Meneja anayeshika zamu mbili, hana msaidizi, na ndiye anayejibu wahudumu kwa nini mshahara umechelewa, atachoka hata awe nani. Ajiri msaidizi. Lipa mishahara kwa wakati. Ukishamaliza hayo, uliza tena kama bado unahitaji dodoso.